Mzigo Haumsaidii Mchukuzi

Kila mtu kituoni alimwita Shangazi, hata nahodha, ambaye kwa umri angeweza kuwa kaka yake mkubwa na kwa cheo alikuwa bosi wake. Jina hilo hakupewa kwa upole wake. Alipewa kwa sababu alikuwa na ile tabia ya mashangazi ya kuingia bila hodi, kutazama kushoto na kulia, na kuuliza ni nani aliyekunja kamba ikiwa mbichi. Kamba ya kuokolea ikikunjwa na maji yake, alisema, inaoza ndani huku nje inakuchekea kama mchumba mwongo. Basi wakawa wanaianika. Hata siku asizokuwa zamu waliianika, maana hakuna aliyejua atatokea saa ngapi.

Kituo chenyewe kilikuwa jengo la chini lenye milango miwili mikubwa, mmoja ukitazama barabara na mwingine ukitazama maji. Katikati ilikaa boti ya rangi ya chungwa juu ya reli zake, pua imeelekea baharini, tayari kuteremshwa. Ukutani zilining'inia suti za mpira. Kulikuwa na meza moja, birika moja, viti visivyofanana hata kimoja, na chumba kidogo cha redio ambacho kioo chake kilifutwa chumvi kila asubuhi. Shangazi aliingia humo kwa mara ya kwanza akiwa msichana, na nahodha wa wakati ule akamwambia kwamba mwanamke hapo labda atapika chai. Hakubishana naye. Alipika chai, akaiweka mezani, akavua viatu, akaruka majini, akaenda kulizunguka boya jekundu lililoko nje ya ukuta wa mawe, akarudi chai ikiwa bado ya moto. Hapo kwenye chai nadhani watu wametia chumvi, lakini kazi aliipata.

Tangu hapo aliwatoa majini wavuvi, mabaharia, wapenzi waliokodi boti bila kujua kuiendesha, mchungaji mmoja, na mbwa mmoja aliyemng'ata. Mumewe hakumwokoa, ingawa watu wote hupenda kuuliza hivyo. Mumewe alikuwa mwokaji mikate, mtu wa nchi kavu asiyeogelea hata kwenye beseni, na walijuana kwa sababu Shangazi alikuwa akitoka zamu ya alfajiri na njaa ya simba, na duka pekee lenye taa lilikuwa lake. Walizaa mabinti wawili, wakawalea, wakawaoza, wakabaki wenyewe ghorofani juu ya tanuri, katika vyumba viwili vyenye joto hata wakati wa baridi kali.

Kwa hiyo maisha yake yalikuwa yamekaa sawa, isipokuwa bega. Bega la kushoto lilikuwa limeteguka mara kwa mara kwa kuvuta watu, na kila likirudishwa lilirudi legevu kuliko mwanzo. Daktari alimwambia bila kupindisha kwamba likitoka tena, habari ya kuogelea kazini imekwisha. Na hapo ndipo penye mgogoro, kwa sababu boti ile ilikuwa na mwogeleaji mmoja tu, yule ambaye boti ikishindwa kusogea ndiye anayeruka. Nahodha hushika usukani. Fundi wa injini hushika injini na kamba. Anayeruka alikuwa Shangazi. Asipopata mtu wa kumwachia nafasi, ataendelea kuruka na bega bovu hadi siku bahari imshike. Alilijua hilo vizuri, na hakuwa na mpango wa kufa kwa uzembe wa kukosa mrithi.

Ndipo akaja kijana mmoja kuiomba nafasi hiyo.

Alikuja na begi lenye medali za mbio za bwawani. Hakulifungua mara moja, lakini aliliweka mezani kwa namna ya kwamba zigongane. Alikuwa mrefu, mabega mapana, amenyoa kichwa eti maji yasimkwamishe. Alitazama kamba zilizoanikwa, akatabasamu.

"Bado mnatumia kamba?" akauliza. "Mimi sijawahi kuhitaji kamba."

Fundi wa injini, mtu mfupi mwenye maneno machache yenye pilipili, alifuta mikono yake kwa kitambaa cha grisi na kumpa mkono. "Karibu sana, Bingwa," akasema.

Kijana alifurahi. Alidhani ni sifa. Jina likamganda siku hiyohiyo, na ilimchukua muda mrefu kugundua kwamba wenzake wakilitamka walikuwa wakitazamana.

Shangazi hakucheka. Alimtazama mikono, miguu, kisha macho. "Bwawani ukichoka unashika ukuta," akamwambia. "Hapa ukishika ukuta unakuwa nyama ya kusaga. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mwanangu."

"Shangazi, mimi sichoki."

"Wote niliowatoa majini hawakuwa wanachoka."

Na kusema kweli, hakuwa anachoka. Shangazi, ambaye hakupenda kumsifu mtu kabla ya chakula cha mchana, ilimbidi akiri moyoni kwamba hajapata kuona kiumbe cha miguu miwili kinachokwenda majini namna ile. Alilizunguka boya jekundu huku anaimba. Alijifunza kumwendea mfa maji kwa nyuma, kumsukumia tairi la kuelea badala ya mkono wake mwenyewe, na kumsubiri apunguze kutapatapa, ingawa hilo la kusubiri lilimuuma kama jino. "Mtu anakufa, mimi nipo hapa namtazama?" aliuliza. Shangazi akamjibu kwamba mfa maji akikukumbatia mtakufa wawili, na mazishi mawili ni gharama. Bingwa alijifunza pia kuvaa mkanda na kuunganisha ndoana ya kamba mgongoni, japo aliivaa kama mtoto anayevalishwa sweta. Mambo haya yote aliyamudu upesi. Kilichomshinda ni mzigo.

Mzigo ulikuwa mtihani wa mwisho, na aliyeuanzisha ni Shangazi mwenyewe. Hakuna mwogeleaji aliyeruhusiwa kuruka kutoka kwenye boti ile kabla hajaokolewa kwanza. Ulipelekwa nje ya ukuta wa mawe, ukatupwa majini na jaketi lako la kuelea, na kuanzia hapo ulikuwa umezimia. Hukupiga mguu. Hukushika kitu. Hukusema neno. Mwenzako alikuja, akakugeuza, akakuvuta, akakufikisha ubavuni mwa boti, na waliomo wakakupandisha kama gunia. Ukisaidia kidogo tu, umefeli.

Wageni waliona ni mchezo wa kitoto. Wenyeji walijua sababu. Mtu anayevutwa akipiga mguu, anamvuruga anayemvuta, kwa sababu mwogeleaji anapima nguvu zake kwa uzito alioushika, na uzito ukibadilika kila mara mshiko unateleza. Ubavuni mwa boti ndipo pabaya zaidi. Boti inapanda na kushuka; wa juu wanasubiri wimbi likuinue, ndipo wavute. Ukinyoosha mkono mwenyewe kushika ukingo kabla ya wakati, boti ikishuka inauchukua mkono na kuuponda, au inakuchukua wewe chini yake. Walio hatarini kufanya kosa hilo ni waogeleaji hodari, maana mtu asiyejua kuogelea hana cha kusaidia. "Mzigo haumsaidii mchukuzi," Shangazi alipenda kusema. "Unatulia, unafika."

Mara ya kwanza Bingwa alifumbua macho na kumwambia Shangazi kwamba kuna wimbi linakuja.

"Maiti haitoi habari za hali ya hewa," Shangazi akamwambia, akamwachia palepale, akarudi botini peke yake. Fundi wa injini alicheka hadi akakaa chini.

Mara ya pili alifumba macho vizuri, akafumba na mdomo, lakini miguu yake ilikuwa inakwenda yenyewe chini ya maji, polepole, kama ya mtu anayeota. Alikana. Aliapa kwa jina la mama yake kwamba hakupiga mguu. Shangazi, aliyekuwa amemshika na kuhisi kila teke, alimwambia amwache mama wa watu apumzike.

Mara ya tatu walifika hadi ubavuni mwa boti. Alikuwa ametulia kabisa, kichwa kimelala, na nahodha tayari ameanza kutabasamu. Kisha boti ikainuka, na ule mkono mrefu ukatoka majini wenyewe kuutafuta ukingo. Fundi wa injini aliuzaba kofi ukarudi chini kabla boti haijauteremkia.

Shangazi alikasirika kwelikweli. Walipofika nchi kavu hakumsubiri avue suti. "Kwani una nini wewe? Kutulia tu! Sikuambii uruke mlima, nakuambia usifanye kitu!"

Bingwa alikuwa anatiririka maji sakafuni. "Niliona bega linakuuma," akasema kwa sauti ndogo. "Tangu ile mara ya pili. Unaponivuta unauma meno. Nikaona nisaidie."

Nahodha akaanza ghafla kuchunguza birika.

"Bega langu si kazi yako," Shangazi akasema, na sauti yake ikawa ya chini, ambayo walioifahamu waliiogopa kuliko ile ya juu. "Ukinihurumia nchi kavu, asante. Ukinihurumia majini, umeniua. Umefeli. Nenda ukaanike kamba."

Alipopanda nyumbani jioni hiyo, mumewe alikuwa anachekecha unga kwa ajili ya kesho. Alimsogezea kiti, akamwekea kitambaa cha moto begani, akaendelea kuchekecha.

"Nahodha anataka nimpitishe," Shangazi akasema. "Anasema kijana ni hodari, mengine atajifunza kazini."

"Na wewe?"

"Mimi nasema hapana."

"Ukimfukuza atabaki nani?"

"Mimi."

Mumewe aliweka chekecheke chini. Alikuwa mtu mpole, asiyepandisha sauti hata mkate ukiungua. "Mke wangu," akasema, "mimi nimekuoa, sikuioa bahari. Naogopa. Kila king'ora kikilia naogopa, na safari hii naogopa zaidi." Kisha akarudi kwenye unga wake, kwa sababu mikate haisubiri huzuni ya mtu.

Shangazi hakulala vizuri. Lakini asubuhi alishuka na msimamo uleule. Alimruhusu Bingwa kupanda boti kama mshika kamba, basi. Majini haingii hadi awe mzigo.

King'ora kililia mchana, watu wakiwa wanakula. Mtu wa kupeleka maji ya kunywa kwenye meli zilizotia nanga nje alikuwa amezimikiwa injini, mkondo ukamsukuma, na mashua yake ikapinduka karibu na miamba iliyo nyuma ya ukuta wa mawe. Boti ya chungwa iliteremka kwenye reli zake na kuyapiga maji kwa kishindo. Nahodha hakuweza kuisogeza karibu, kwa sababu mawimbi yaligonga miamba na kurudi, yakikutana njiani na yanayokwenda. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya mwogeleaji. Shangazi aliunganisha kamba mgongoni, akachukua tairi, akaruka.

Alifanya kazi yake kama alivyoifanya miaka yote. Alimwendea yule mtu kwa nyuma. Alimsukumia tairi, akamsemesha kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, akamsubiri aache kutapatapa. Yule mtu alipolishika tairi, Shangazi alifungua ndoana mgongoni mwake na kuifunga kwenye tairi, maana kamba ya kwanza ni ya mhitaji, na mwokoaji hurudi ameshikilia pembeni. Alinyoosha mkono wa kulia juu, alama ya kuvuta. Bingwa na fundi wakaanza kuvuta.

Wimbi lililorudi kutoka miambani liliwapata ubavuni. Lilimnyanyua Shangazi akiwa ameshika tairi kwa mkono wa kushoto, na bega likatoka. Maumivu yalimpanda hadi kwenye meno. Mkono ukafunguka bila idhini yake, tairi likaenda na mtu wake, na yeye akabaki.

Hakuchanganyikiwa. Alijilaza chali, akaacha jaketi limbebe, akatazama. Yule muuza maji alikuwa anafika botini, vizuri. Miamba ilikuwa nyuma yake na inakuja, si vizuri. Alijaribu kupiga mkono mmoja na miguu, mkondo ulimcheka. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mno, Shangazi aliogopa. Alimfikiria mumewe na kile kitambaa cha moto, akakasirika kwamba anamfikiria sasa.

Akamwona Bingwa amesimama ukingoni mwa boti.

Alitegemea kumwona anaruka papo hapo, bila kamba, kichwa mbele. Ndivyo alivyokuwa. Shangazi alikwisha kuvuta pumzi ya kumpigia kelele. Lakini kijana alisimama. Alichukua kamba ya pili, akaunganisha ndoana mgongoni, akaivuta kuijaribu, akaivuta tena. Alimwambia kitu nahodha, na nahodha akaigeuza boti kidogo ili mkondo umpeleke mwogeleaji anakotaka kwenda. Wakati wote huo alisubiri boti ikae sawa. Kuwa mfa maji anayengojeshwa kulimchosha Shangazi kuliko kuogelea. Ndipo kijana akaruka.

Alifika upesi. Shangazi alikuwa na maagizo yake tayari.

"Njoo kwa nyuma!"

"Ndiyo ninavyokuja."

"Angalia lile wimbi! Siyo hilo, la pili! Mkono wako uweke chini zaidi, chini ya kwapa, siyo—"

"Shangazi," Bingwa akasema sikioni mwake, akiwa tayari amemshika, "nyamaza."

Alinyamaza kwa mshangao. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, hata mumewe. Bingwa akaanza kuogelea kinyumenyume naye, mshiko ukateleza, maji yakawaingia wote wawili mdomoni. Akamshika upya. Ukateleza tena.

"Unapiga miguu," kijana akasema, anahema. "Acha."

"Sipigi!"

"Unapiga. Hata mimi nilidhani sipigi."

Na Shangazi akahisi miguu yake mwenyewe chini ya maji, inakwenda, polepole, bila kumuuliza. Alijaribu kuizuia. Ikatulia, ikaanza tena. Mwili wote ulikuwa unafanya kazi uliyozoea, kila msuli unatafuta cha kusaidia, na hapo, katika maji ya kijivu, na bega linawaka moto, akili yake ikagundua jambo ambalo hakuna mtu kituoni aliyewahi kuligundua, kwa sababu nani angethubutu kuuliza? Yeye hajawahi kuwa mzigo. Aliingia kazini kabla ya mtihani ule kuwapo. Aliubuni, akawatesa nao wengine, akasahau kwamba hakuna aliyewahi kumpima yeye.

"Siwezi," akasema. Alilisema wazi, kwa sauti ya mtoto.

"Najua," Bingwa akamjibu. "Hesabu mikate ya baba watoto wako. Yote, pale kwenye rafu. Mimi nafanya hii."

Alikuwa karibu amtukane. Badala yake, kwa kukosa la kufanya, alifumba macho, akauona mkate wa kwanza, wa pili, ule uliopasuka juu. Miguu ikalegea. Kichwa kikaangukia begani mwa kijana. Lilikuwa jambo la kutisha, kubebwa hivi, kutojua kamba iko wapi wala wimbi linatoka upande gani, kumwachia mtu mwingine pumzi yako. Machozi yalimtoka, na kwa kuwa kulikuwa na maji kila mahali hakuona haja ya kuyazuia. Kamba ilikaza. Akasikia injini inakaribia.

Ubavuni mwa boti, chuma kikapanda juu yao, kikiwa kinatiririka. Mkono wake mzima, ule wa kulia, ukaanza kutoka majini kuutafuta ukingo. Hakuuambia utoke. Lakini haukufika. Bingwa alikuwa ameshaukamata kwenye kifundo, ameubana kifuani pake, kabla haujanyooka. Aliusubiri, alijua utakuja. Boti ikashuka, ikapita pale ambapo vidole vyake vingekuwa. Wimbi likawainua.

"Sasa!" fundi wa injini akapiga kelele, na Shangazi akapandishwa kama gunia.

Daktari alilirudisha bega na kulifunga, kisha akasema alichokuwa ameahidi kusema. Mumewe alikuja na unga hadi kwenye nyusi. Hakuvaa hata koti. Alimshika mkono mzima, akaushika sana. "Nimekoma," Shangazi akamwambia. "Majini siendi tena. Usilie basi, utakuwa uji." Yeye mwenyewe alikuwa analia.

Kesho yake alikwenda kituoni mkono umefungwa kifuani. Nahodha alikuwepo, fundi alikuwepo, na Bingwa alikuwa amesimama karibu na kamba zilizoanikwa, mikono nyuma, kama mshtakiwa. Muuza maji alikuwa amewaletea salamu na kwenda zake.

"Sasa, Shangazi," nahodha akasema, "boti haina mwogeleaji. Neno lako."

Kabla hajajibu, Bingwa akajitokeza. "Mimi bado sijafaulu mzigo," akasema. "Nataka kurudia."

"Nani atakubeba?" fundi akamuuliza. "Mimi? Tutazama wote na grisi yangu."

Ilikuwa kweli. Wa kumbeba ni mwogeleaji, na mwogeleaji hakuwepo. Shangazi alikaa kwenye kiti chake, kile chenye mguu mfupi. Angeweza kuona haya. Angeweza kusema sheria ni sheria. Mimi namfahamu, na ningedhani angesema hivyo. Lakini alikuwa ameshikwa na mikono ya yule kijana, na mikono haidanganyi.

"Alijua nitapiga mguu kabla mimi sijajua," akasema. "Mkono wangu aliukamata kabla haujatoka. Mtu hayajui hayo mpaka yawe yamemshinda mwenyewe. Mpe nafasi. Na mtihani ataufanya siku akija mwogeleaji mwingine wa kumbeba. Hakuna msamaha."

"Na wewe?" Bingwa akauliza. "Wewe utarudia lini? Maana jana ulifeli."

Fundi wa injini alimeza chai vibaya. Nahodha alitazama dari. Shangazi akacheka, kicheko kikubwa kilicholiumiza bega, akashindwa kukiacha.

Wakampa Shangazi chumba cha redio. Kilikuwa na kiti cha kuzunguka, kioo, na kipaza sauti cha kushika mkononi. Aliapa kwamba ni kazi ya wastaafu, kisha siku ya kwanza akapanga upya kila kitu humo ndani.

Halafu king'ora kikalia. Mabaharia wawili walikuwa wameanguka kutoka kwenye ngazi ya meli. Boti ikateremka, ikapita ukuta wa mawe, ikageuka nukta ya chungwa kwenye kioo. Shangazi alisikia sauti ya nahodha ikisema Bingwa anaruka. Alijua mkondo wa saa ile. Alijua angeingilia upande gani, angemwendea yupi kwanza, na kwa nini. Alichukua kipaza sauti, kidole gumba kikakaa juu ya kitufe. Maneno yote yalikuwa yamejipanga mdomoni.

Akakiweka mezani. Akaweka mkono wake mzima chini ya paja, akaukalia.

Redio ilikoroma muda mrefu. Alisikia upepo, injini, mtu akipiga kelele asiyeeleweka. Aliomba. Kisha sauti ya Bingwa ikaja, anahema, maji bado mdomoni.

"Wote wawili wamo ndani. Wanapumua. Shangazi, upo?"

Akakichukua kipaza sauti. "Nipo."

"Mbona kimya hivyo? Tulidhani redio imekufa."

"Niseme nini?" Shangazi akasema. "Walete nyumbani."